Uzi maalumu: kuvua kwa mshipi gatini, Ghuba ya Tanga (maji, ndoana, chambo, na makosa yanayorudiwa)

Mshipi_wa_Usiku

Wadau, heshima kwenu. Swali ni lilelile kila wiki: mtu kakaa gatini kutwa nzima, hajapata hata chaa wa kukaanga, anauliza kosa liko wapi. Majibu yanatolewa nusu nusu. Huyu anasema chambo, yule anasema bahati. Tuyaweke pamoja hapa. Nazungumzia kuvua umesimama kwenye gati au ukuta wa bahari ndani ya ghuba. Ya ngalawa na ya kurambaza yana uzi wake.

Kosa la kwanza ni kutupa mbali. Mtu anafika na rili mpya, anarusha mita 50 kwenda katikati ya ghuba, roho yake inafurahi. Huko chini ni tope na mchanga. Mwamba ni gati lenyewe: nguzo zimeota chaza na mwani, vikaa vimo, uduvi umo, kivuli kipo mchana na usiku. Chewa, changu, tembo na tasi wanakaa mita moja hadi tatu kutoka kwenye nguzo, chini ya miguu yako. Shusha mshipi wima, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) iguse chini, kisha upandishe shubiri mbili. Hapo umefika.

Kosa la pili ni kwenda gatini kwa saa ya nafasi yako badala ya saa ya maji. Kwetu huku siku za bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana) maji hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Ukijua mwezi wa angani ni wa siku ya ngapi, umeshajua maji. Hesabu siku zilizopita tangu mwandamo, zidisha kwa 50, ongeza kwenye saa 10. Mwezi 4, siku 3 zimepita, ni dakika 150, basi maji yanajaa kama saa 12 na nusu. Mwezi 8 yanajaa karibu na saa 4, na hayo ndiyo maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Mwezi 15 au 16 unaanza hesabu upya. Ni makisio, yanaweza kupotoka nusu saa au zaidi, kwa hiyo mwenye jedwali la maji la bandari afuate jedwali.

Saa nzuri kwa samaki wa chini ni mbili za mwisho za kujaa na ile ya kwanza ya kutoka. Zikiangukia magharibi au alfajiri, usikose. Zikiangukia saa 7 mchana jua kali, utapata vikande na vichangu vya kidole.

Kosa la tatu ni vifaa vikubwa kupita samaki. Uzi wa unene wa milimita 0.90 na ndoana ya papa kwa ajili ya chaa! Naacha wengine waendelee.

Mgeni_Chumbageni

Shukrani mkuu. Swali la dukani: ndoana namba ngapi? Muuzaji ananiambia "namba 8 kubwa", mwingine ananiambia 8 ni ndogo. Na uzi je?

Fundi_Nailoni

Namba za ndoana huwachanganya wengi. Namba tupu ikipanda, ndoana inapungua: 12 ni ndogo kuliko 8, na 8 ni ndogo kuliko 4. Ukishafika 1 mambo yanageuka, zinafuata 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda ndoana inakua. Tena viwanda havilingani, 8 ya pakiti moja si lazima iwe 8 ya pakiti nyingine. Kwa hiyo nenda dukani na ndoana unayoitaka mfukoni, uiweke mezani, uombe kama hiyo. Muuzaji akibisha, ndoana iko pale inasema yenyewe.

Kwa gati letu: tasi na chaa, namba 10 hadi 12. Changu na tembo, namba 4 hadi 6. Chewa na kolekole, 1/0 hadi 3/0. Midomo ya tasi ni midogo kama ya mtoto anayenuna, ukimpa namba 4 atakula unga wote na hutajua.

Uzi wa nailoni unanunuliwa kwa unene wake. 0.35 hubeba takriban kilo 8, 0.50 kilo 15, 0.70 kati ya 25 na 30. Hizo ni namba za uzi mpya usio na fundo. Fundo baya linakula nusu ya nguvu, na jua linakula iliyobaki. Uzi ulioachwa nje umejikunja, umekuwa mweupe kama chaki, utupe. Mshipi mkuu wa 0.50 unatosha kwa mkono. Viuzi vya ndoana viwe vyembamba kuliko mshipi, 0.35 au 0.40, ili kikikatika kikatike kiuzi, mshipi ubaki.

Fundo la ndoana: pitisha ncha ya uzi kwenye tundu, izungushe kwenye uzi wenyewe mara 5, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki jirani na tundu, kisha ipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate halafu vuta polepole. Ukivuta kavu, nailoni inajiunguza kwa msuguano, na hapo ndipo itakapokatikia. Acha ncha ya milimita 3. Kwa uzi wa 0.70 kwenda juu, mizunguko 5 haikazi vizuri, fanya 3 au 4.

Mpangilio: chubwi mwisho kabisa. Panda sentimita 30, funga kiuzi cha kwanza cha sentimita 15. Panda sentimita 40 nyingine, kiuzi cha pili. Ndoana mbili zinatosha. Ya tatu ni ya kunasa suruali ya jirani. Kiuzi kikiwa kirefu kuliko nafasi kati ya viuzi, vitakumbatiana na utatumia saa nzima kufumua.

Kaskazi_na_Kusi

Mshipi_wa_Usiku, kwenye kutupa mbali nakupinga nusu. Kwa samaki wa chini uko sahihi. Lakini alfajiri simu (samaki wadogo kama dagaa) na vibua wakiruka juu ya maji, chini yao yuko kolekole au mzia, na hao hawaji kusimama kwenye nguzo wakungoje. Hapo unatupa mita 30 au 40, chambo bandia cha chuma kinachong'aa, gramu 20 hadi 28, ukivute haraka bila kusimama. Ukivuta polepole mzia anakifuata, anakitazama, anageuka.

Nyongeza kwenye maji. Hayajai kwa mwendo mmoja saa zote sita. Gawa kina cha kujaa mafungu 12: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3.6 maana yake sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30. Saa ya tatu na ya nne ndipo mkondo unapokimbia, chubwi ya gramu 50 inapeperushwa kama tiara. Una njia mbili. Ongeza uzito hadi gramu 100 au 120, au hamia nyuma ya nguzo, upande ambao mkondo umekatwa. Samaki nao wamejificha hukohuko wakisubiri kinacholetwa na maji. Maji mafu gramu 30 hadi 40 zinatosha.

Upepo pia. Mji uko upande wa kusini wa ghuba, na Ras Kazone inatukinga, hivyo kusi (upepo wa kusini) ikivuma maji ya ndani yanakuwa matulivu hata nje kukichafuka. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndiyo inayoingia kwenye mdomo wa ghuba na kutikisa tope. Siku ya kaskazi kali usisumbuke na tasi, haoni chambo. Na masika mito Sigi na Mkulumuzi ikileta maji mekundu, ngisi hupotea lakini chaa, karamamba na hongwe wanafurahia.

Mshipi_wa_Usiku

Nakubali la kolekole. Ila yule wa mita 50 mchana kweupe, chubwi chini na kamba aliyeoza, huyo simwachii.

Bi_Mwani

Assalaam alaykum wanangu. Naona tasi anatajwatajwa tu, na ndiye samaki wa gati hasa, na supu yake mnaijua. Tasi ni mla majani. Ukimpelekea kipande cha ngisi anakiangalia kama mgeni asiyebisha hodi. Mpe unga.

Unga wa ngano kikombe 1, maji vijiko vya chakula 4 au 5, chumvi kidogo, na kijiko 1 cha dagaa wakavu waliotwangwa wakawa vumbi. Kanda mpaka usinate mkononi, ugumu wa donge la chapati, si la maandazi. Sasa siri: chambua pamba kiasi cha kiganja, ichanganye na donge ukiendelea kukanda. Nyuzi za pamba zinaushika unga kwenye ndoana, hauyeyuki baada ya dakika mbili. Funika kwa kitambaa kibichi, jua likiukausha unapasuka. Donge moja ni kiasi cha punje ya njegere, lifunike ncha ya ndoana tu. Mwani wa kijani unaoota kwenye nguzo nao unafaa, uusokote kwenye ndoana mara tatu nne.

Tasi havuliwi chini. Tumia boya dogo, hata kipande cha sandali chakavu, ndoana mita moja na nusu chini ya boya, na chubwi ndogo sana sentimita 30 juu ya ndoana. Boya liwe limezama karibu lote. Likielea kama bata, tasi akivuta anahisi uzito anatema. Hadonoi kwa nguvu. Boya linatetemeka, linalala ubavu, basi. Likilala, shtua, yaani vuta ghafla ndoana imkamate.

Na umwite kwanza. Pumba ya mahindi, dagaa waliopondwa na mchanga mbichi, kiasi sawasawa, ukitupa tonge moja kila baada ya dakika 10 karibu na nguzo. Mchanga ndio unaoipeleka chini. Usimwage ndoo nzima kwa mara moja, atashiba na aondoke na salamu zako.

Mgeni_Chumbageni

Shikamoo Bi Mwani. Tasi akishapanda juu namshikaje? Nasikia ana sumu.

Bi_Mwani

Marahaba mwanangu. Usimshike. Mkanyage taratibu kwa kandambili nene au mfunike kwa kitambaa kizito, chomoa ndoana kwa koleo. Miiba yake ya mgongoni ni 13, ya chini nyuma 7, na ya tumboni iko kila upande. Akifa miiba haifi. Anapotengenezwa jikoni, kata miiba yote kwa mkasi kwanza, ndipo umparue.

Nesi_wa_Mwambao

Niongezee hapo. Akikuchoma tasi au hongwe, usikate jeraha, usinyonye, usipake mafuta ya taa. Toa kipande cha mwiba kinachoonekana, osha, kisha chovya mkono au mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyostahimili, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto linavunja sumu na maumivu yanashuka. Pima maji kwa mkono mzima kwanza. Ule uliochomwa umekufa ganzi, utaungua bila kujua. Chupa ya chai ya moto ukiwa gatini ina kazi mbili. Uvimbe ukipanda juu, mwiba ukibaki ndani, au pumzi ikibana, nenda hospitali. Mwiba wa samaki taa ni hospitali moja kwa moja, kwa sababu unachana nyama ndani, na ukiwa kifuani au tumboni usiuchomoe.

Bunju: mrudishe baharini. Sumu iko kwenye ini, mayai, ngozi na utumbo, na moto hauiui, hata ukichemsha kutwa. Haina dawa ya kuikata. Anayesema "mimi najua kumchuna" mwache ajue peke yake.

Mwana_Dunda

Salaam kutoka Bagamoyo. Nimejaribu kufuata haya ya nguzo na kina, lakini kwetu maji yakipwa bahari inakwenda mbali, pwani inabaki matope na mchanga. Tunafanyaje?

Kaskazi_na_Kusi

Mkuu, Bagamoyo ni bahari nyingine. Ufukwe unateremka polepole mno na Ruvu inamwaga tope. Huna mwamba karibu, kwa hiyo sahau tasi na chewa. Samaki wako ni chaa, karamamba, hongwe na taa, wanaopanda na maji kuja kula juu ya tope lililofunikwa upya. Vua bamvua tu, kuanzia saa mbili kabla ya kujaa hadi saa moja baada ya kujaa. Maji mafu hayakuletei kina cha maana.

Na kwa kuwa maji ni machafu, samaki anatafuta kwa pua. Kamba mbichi aliyepondwa kichwa, au simu aliyekatwa vipande vinavyovuja damu. Chambo kinachong'aa hakina kazi hapo. Chubwi iwe bapa isijizike, na hapa unaruhusiwa kutupa mbali, nakuombea kwa Mshipi_wa_Usiku. Ukihisi mshipi umekuwa mzito kama umenasa gunia, kisha gunia linasogea, huyo taa. Usimnyanyue kwa mkono.

Ndoana_Kavu

Tatizo langu ni kunasa. Nguzo zinanimalizia chubwi na ndoana, kila siku nanunua upya. Na chambo kinaliwa na vikande kabla changu hajafika.

Fundi_Nailoni

Kunasa kupo palepale ukivua penye samaki, la muhimu upoteze cha bei rahisi. Chubwi usiifunge kwa mshipi wenyewe. Ifunge kwa kiuzi dhaifu cha 0.25, sentimita 20. Chubwi ndiyo inayonasa mara nyingi. Ukivuta, kiuzi dhaifu kinakatika, ndoana na samaki wanarudi. Na usinunue risasi. Omba plagi chakavu za gari kwa mafundi, moja ina kiasi cha gramu 50, tundu la kufungia lipo tayari. Nati kubwa pia zinafaa. Mwenye risasi asiibane kwa meno, ni sumu.

Ukinasa usivute kwa mkono mtupu, nailoni inakata hadi mfupa. Wala usizungushe mshipi kwenye kiganja, hata kwa sekunde. Zungusha kwenye kipande cha mti, rudi nyuma ukitembea. Kabla ya hapo jaribu kulegeza kabisa, hamia upande wa pili wa nguzo, vuta kutoka kule. Nusu ya kunasa huisha hapo. Kidole cha kusikilizia mshipi kivalishe pete ya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa sentimita 2.

Vikande: wana mdomo mdogo na meno ya patasi, kamba laini wanamvua nguo kwa sekunde. Badilisha chambo. Pweza ni mgumu, kipande cha sentimita 2 kinadumu dakika 20. Ngisi kata utepe, urefu sentimita 5, upana 1, uchongoke mwisho, uchomwe mara moja tu upande mpana ili ucheze kwenye maji. Ukiuchoma mara tatu unakuwa fundo, unazunguka na kusokota uzi. Simu wagumishe kwa chumvi ya mawe usiku kucha, sehemu 1 ya chumvi kwa 3 za samaki, tabaka kwa tabaka. Asubuhi nyama imekaza, haidondoki.

Tena jaribu ndoana kwenye ukucha kila saa. Ikiteleza ni butu, pitisha tupa mara mbili. Wengi wanalaumu chambo wakati ndoana yao haiwezi kutoboa papai.

Ndoana_Kavu

Na waya je? Mzia ananikata kila mara.

Fundi_Nailoni

Waya mwembamba wa sentimita 15 hadi 20 kwa anayemfuata mzia au kolekole mkubwa. Kwa changu ondoa, maji ya ghuba yakiwa meupe anauona na anapita. Kama hutaki waya, ndoana yenye shingo ndefu inapunguza kukatwa kwa mzia wadogo.

Mshipi_wa_Usiku

Nieleze samaki wanavyogonga, maana hili halinunuliwi dukani. Changu anagonga mara mbili, tak tak, kisha anaondoka. Shtua pale anapoondoka, si pale anapogonga. Chaa anatetemesha kama simu ya mkononi. Mkunga anavuta kizito bila kukimbia, halafu mshipi unaanza kusokoteka. Kata kiuzi tu, ndoana moja haina thamani ya kidole.

Chewa ndiye mjanja. Anameza na kurudi shimoni kwa pigo moja. Una sekunde mbili za kumtoa kwenye nguzo, kwa hiyo chewa havuliwi na mtu aliyeweka mshipi chini akachota kahawa. Akishaingia, usishindane naye, anatanua mashavu na miiba inajikaza ukutani. Legeza mshipi kabisa, subiri dakika tatu hadi tano. Ukiuona uzi unatembea, vuta.

Kumpandisha sasa. Maji yakipwa, sakafu ya gati inabaki juu sana ya maji, na samaki wa kilo 3 aliyetulia majini anakuwa mzito ghafla anapoanza kuning'inia. Midomo ya karamamba ni laini, inachanika hewani. Tengeneza wavu wa kushusha: pete ya chuma ya kipenyo cha sentimita 60, kipande cha nyavu chakavu kimefungwa kama mfuko, kamba tatu zinazokutana kwenye kamba moja ndefu, na jiwe dogo katikati ili uzame. Mtu wa pili anaushusha, wewe unamwongoza samaki juu yake kichwa kwanza, wavu unapandishwa. Ukimfukuza samaki kwa wavu, ukingo unapiga mshipi na safari imekwisha.

Ngisi_wa_Taa

Mmesahau usiku. Ngisi ni wa mwezi giza, tuseme kuanzia mwezi 26 hadi 3, kwa sababu mbalamwezi inatawanya mwanga na taa yako haina maana. Ninginiza taa ya chaji mita moja hivi juu ya maji. Watakuja uduvi na vidagaa, ngisi atafuata. Hakai kwenye mwanga, anakaa mpakani, pale mwanga unapokutana na giza. Tupa kamba bandia wa plastiki, sentimita 7 hadi 9, kupita mpaka huo. Acha azame, inua mkono kama mita moja, tulia, acha azame tena. Anashika wakati wa kuzama. Unahisi uzito kama umenasa mfuko wa plastiki.

Sindano za kamba bandia hazina mwiba wa nyuma, kwa hiyo usilegeze hata kidogo na usivute kwa mishtuko, mikono yake inachanika. Mfikishe juu ya maji, msubiri ateme wino hukohuko, ndipo umpandishe. Ukiharakisha, wino ni wa kanzu yako. Uzi 0.30, hakuna chubwi.

Mwenyeji_Sahare

La utaratibu, kabla watu hawajafukuzwa. Magati ya bandari ni eneo la ulinzi, mshipi hauingii. Kwingine uliza mwenye gati na uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) wa mwalo ulio karibu. Leseni na masharti yako chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 na kanuni za 2009, kwa hiyo pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri umwulize kinachohitajika kwa mshipi wa mkono. Tena sehemu ya maji yetu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009, pamoja na visiwa vya Toten, Yambe na Karange, na hifadhi ina masharti yake. Silikanti mwenyewe, yule samaki wa kale, hutamwona gatini, anaishi vilindini, mita mia na zaidi.

Mashua ikija kufunga, vuta mshipi kabla nahodha hajapiga kelele. Vipande vya nailoni usivitupe majini, vinamnyonga kasa na kuzunguka panga boi za watu. Kasa akinasa, usimnyanyue kwa mshipi. Mshushie wavu wa pete, kata uzi karibu kabisa na ndoana, mwachie.

Bi_Mwani

Na barafu jamani! Watu wanaanika vibua kwenye sakafu ya gati kutwa. Vibua na jodari wakipigwa jua wanatengeneza kitu kinachowasha mwili, uso unakuwa mwekundu na kichwa kinagonga, na kupika hakukiondoi. Nunua barafu kabla ya kwenda, uzito sawa na wa samaki unaotarajia, uiponde. Samaki akipanda, kata matamvua, damu itoke kwenye ndoo ya maji ya bahari dakika chache, ndipo umlaze kwenye barafu. Ndoo iwe na tundu la kutolea maji, samaki asiogelee kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka mpaka akawa sabuni.

Mgeni_Chumbageni

Nimeelewa mengi. Kesho mwezi ni wa 13. Maji yanajaa saa ngapi, nilenge nini?

Kaskazi_na_Kusi

Siku 12 zimepita, mara 50 ni dakika 600, saa kumi kamili. Saa 10 ongeza saa 10 ni saa 8. Kwa hiyo yanajaa saa 8 usiku na tena baada ya saa 8 mchana. Fika saa 6 mchana na boya na unga wa Bi Mwani, fuata nguzo zenye kivuli, tasi. Saa 9 na nusu badilisha, pweza kwa chubwi ya gramu 80, wima, changu. Maji yakianza kukimbia kuelekea saa 11 kunja mshipi.

Mgeni_Chumbageni

Pamba ya dukani au ya godoro?

Bi_Mwani

Ya duka la dawa. Ya godoro ina vumbi, na wewe ndiye utakayekanda.